Majani Mabichi, Mizizi Yenye Njaa

Masomo: Waefeso 4:15-16, 1 Wakorintho 12:22-26, Matendo 6:1-7

Mchungaji wetu kiongozi aliponipa zamu ya kuhubiri juu ya mwili wa Kristo, nilijua mara moja nitasema nini, na ndiyo maana nililala vibaya siku tatu. Haya mnayosoma ni yale ya ibada ya pili, pamoja na machache niliyoyaruka kwa sababu saa ilikuwa imeenda na watoto wa shule ya Jumapili walishaanza kugonga mlango.

Nianze na mti.

Guga wangu alikaa upande wa Shinyalu, karibu na msitu wa Kakamega, mahali ambapo alfajiri unaamshwa na mbega wakinguruma huko juu mitini kabla jogoo hajakumbuka kazi yake. Nyuma ya boma kulikuwa na mwiritsa mkubwa. Wataalamu wanauita Prunus africana. Wazee wa huku wanaujua vizuri, kwa maana gome lake likichemshwa ni dawa, hasa kwa wazee wa kiume wanaosumbuliwa na mkojo. Na siyo sisi tu. Ulaya wanatengeneza vidonge kutokana na gome hilo hilo, na biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1995 mti huu uliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya mimea ambayo kuuzwa kwake nje lazima kudhibitiwe.

Nikiwa darasa la tano, guga alienda soko la Khayega, na aliporudi akakuta mtu amepita. Gome lilikuwa limebanduliwa kuzunguka shina lote, kuanzia kwenye magoti hadi pale mkono wa mtu mzima unapofika. Guga alishika ile mbao iliyobaki uchi, akanyamaza kidogo, akasema, "Huu mti umekufa."

Sisi wajukuu tulicheka. Umekufa namna gani na uko kijani hivyo?

Mvua ndefu zikaja, mti ukatoa majani. Msimu uliofuata ukazaa vile sikuwahi kuuona ukizaa, ndege wakajaa mpaka kukawa na kelele kama stendi ya matatu. Nikamwendea guga kwa furaha nikamwambia mti wake umefufuka. Akaniambia, "Ngoja." Nilingoja. Ilichukua karibu miaka miwili. Majani ya juu kabisa yakageuka manjano, matawi yakaanza kukauka kutoka kwenye ncha, na tulipochimba pembeni mizizi ilikuwa inavunjika mkononi kama biskuti.

Guga hakusomea biolojia. Lakini alijua kitu ambacho mimi nilikuja kukielewa nikiwa mtu mzima, na tena nilikielewa nikiwa nimechelewa.

Ndani ya shina la mti kuna njia mbili. Njia ya kwanza iko ndani ya mbao, sehemu ile ya nje ya mbao. Hiyo ndiyo inayopandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini hadi majanini. Njia ya pili iko kwenye ile ngozi laini, nyembamba, iliyojificha nyuma ya gome. Hiyo inachukua sukari iliyopikwa na majani kwa nguvu ya jua na kuipeleka kila mahali kunakohitajika, pamoja na chini kabisa, gizani, kwa mizizi ambayo haioni jua na haiwezi kujipikia. Maji yanapanda, chakula kinashuka. Katikati ya zile njia mbili kuna utando mwembamba sana wa chembe hai, na huo ndio unaoufanya mti unenepe mwaka hadi mwaka.

Sasa sikilizeni ajabu hii. Kile kiini kikubwa cha katikati ya mti mzee, kile tunachokitegemea kwa mbao nzuri, kwa sehemu kubwa ni mfu. Kinashikilia mti usianguke, na hiyo ni kazi, lakini uhai hauko hapo. Ndiyo sababu unaweza kukuta mti mzee una tundu katikati, mtoto anaingia na kujificha, na juu unaendelea kutoa majani. (Sisemi wazee wa kanisa ni mbao. Mzee asinipigie simu.) Uhai wa mti uko kwenye ile sehemu nyembamba ambayo mwizi wa gome anaondoka nayo kwenye gunia.

Basi mtu akibandua gome upande mmoja, mti unaweza kujiponya. Akizungusha shina lote mpaka kwenye mbao, amekata njia ya chakula, lakini njia ya maji hajaigusa. Kwa hiyo mizizi inaendelea kupeleka maji juu. Majani yanaendelea kupata, yanaendelea kung'aa. Mizizi inaishi kwa akiba yake yenyewe, wanga iliyowekwa zamani, na haina namna ya kuyaambia majani kwamba chakula hakijafika. Na ile sukari iliyokosa njia ya kushuka inajaa huko juu, mpaka mti unaweza kuzaa kuliko kawaida. Wapo wakulima wa zabibu wanaokata pete nyembamba ya gome kwa makusudi ili matunda yawe makubwa. Wao wanajua kipimo, na kidonda kinaziba baadaye. Mwizi wa Shinyalu hakuwa na kipimo.

Daktari mmoja Mwitaliano, Marcello Malpighi, alifanya jaribio hilo karne ya 17. Alibandua pete ya gome, akaona sehemu iliyo juu ya kidonda imevimba na iliyo chini haikui. Mtu huyo huyo, mwaka 1661, alieleza alichokiona kwa hadubini kwenye mapafu ya chura: vimishipa vidogo sana vinavyounganisha mishipa inayotoa damu moyoni na ile inayoirudisha. Mwingereza William Harvey alikuwa ameshaandika mwaka 1628 kwamba damu inazunguka, lakini hakuwahi kuona inavuka wapi. Malpighi akaona. Mimi napenda kwamba ni mtu mmoja aliyeangalia mti na chura na kukuta swali lile lile: kinachotoka juu kinarudije chini?

Na mwili wako je? Moyo wako unasukuma kama lita tano za damu kwa dakika ukiwa umetulia. Piga hesabu ya siku nzima, ni zaidi ya lita 7,000, yaani mitungi ya lita 20 zaidi ya 350. Mama yeyote aliyebeba maji kutoka mtoni anaelewa ninachosema. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo nikiona kitu kinagawanywa swali langu la kwanza ni nani anapata ngapi. Nikatafuta. Moyo wenyewe, pamoja na kazi hiyo yote, unachukua karibu asilimia 5 tu ya kile unachosukuma. Figo mbili, ambazo kwa pamoja hazifikii nusu kilo, zinapewa karibu sehemu moja ya tano. Moja ya tano! Wafanyakazi wa usafi, wale wa nyuma, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapongeza kwa uzuri wao.

Ningekuwa mshauri wa biashara wa mwili wa binadamu, hiyo ndiyo bajeti ambayo ningekata kwanza. Na ningekuwa nimemuua mwenye mwili.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vya lazima, na kwamba Mungu ameuunganisha mwili kwa kukipa heshima zaidi kile kilichopungukiwa. Nilikuwa nikisoma maneno hayo kama maneno ya adabu, ya kuwapa moyo watu wa mapokezi. Lakini ukiangalia figo, unaona Paulo anaeleza jinsi mwili ulivyoumbwa kweli. Na mkisoma Walawi 3, katika sadaka ya amani, mtaona figo zote mbili zilipanda madhabahuni kwa Bwana. Hazikutupiwa mbwa.

Wapendwa, sasa nije kwa jambo langu.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunajenga. Mnakumbuka: mabati, sakafu, na vile vipaza sauti ambavyo vijana walivisifu sana. Pesa hazikutosha. Nikiwa kwenye kamati ya fedha, nilileta pendekezo. Nilikuja na karatasi zangu, na jedwali zangu, na nilizungumza vizuri. Nilisema mfuko wa wajane na wahitaji usimamishwe kwa mwaka mmoja, na nauli za viongozi wa ushirika wa nyumbani pia, ili kila shilingi iende kwa ujenzi. Nilisema ni kwa muda tu. Nilitumia hata mfano wa mwili: kwamba mtu akipoteza damu nyingi, mwili unapunguza damu ya ngozi na ya matumbo ili kuokoa ubongo na moyo. Hilo ni kweli. Nilichoacha kusema, kwa sababu sikuwa nimesoma mpaka mwisho, ni kwamba hata figo zinapunguziwa, na hali hiyo ikikaa muda mrefu figo zinakufa. Mwili unafanya hivyo kwa dharura. Haufanyi hivyo kwa mwaka wa fedha.

Pendekezo likapita. Na huo mwaka, watu wa Mungu, ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote katika vitabu vyangu. Sadaka ilipanda. Fungu la kumi lilipanda. Ibada ya pili ilijaa mpaka tukakodi viti. Niliposoma ripoti kwenye mkutano wa washirika mlinipigia makofi, na mimi nikashukuru Mungu kwa unyenyekevu, nikienda kukaa nikiwa nimefurahi nafsi yangu. Mwaka mmoja ukawa miwili. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuwakumbusha.

Nilikuwa naangalia majani.

Kuna mama mmoja katika kanisa hili, mjane. Ameniruhusu nieleze, kwa sharti nisimtaje jina. Wengi wenu mtamjua, na naomba msimsumbue. Ni yeye aliyekuwa akifungua kanisa Jumamosi na kufagia, na alikuwa kwenye maombi ya alfajiri kabla sijaokoka mimi. Ana ugonjwa wa sukari. Mfuko wetu ulikuwa ukimsaidia shilingi 1,500 kwa mwezi, dawa na nauli ya kliniki. Tulipousimamisha, hakuna aliyemwendea kumweleza. Alisikia tangazo kanisani kama mtu mwingine yeyote.

Akaanza kugawa dawa. Ile ya siku moja anaitumia siku mbili. Ugonjwa wa sukari ukiachwa huru unaharibu mishipa midogo ya damu na ile ya fahamu, na mara nyingi miguu ndiyo inayoanza, kwa sababu mishipa ya fahamu inayofika huko ndiyo mirefu zaidi. Miguu inakufa ganzi. Hiyo ganzi ni hatari kuliko maumivu, kwa maana anayeumia hulia, lakini aliyekufa ganzi hutembea tu. Alikanyaga msumari akiwa shambani na hakusikia. Aliona damu kwenye ndala jioni. Alipofika hospitali kidonda kilikuwa kimeshakwenda ndani. Alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia.

Alikaa wodini wiki tatu. Hakuna mtu wa kanisa hili aliyemtembelea wiki mbili za kwanza, kwa sababu kiongozi wa ushirika wake wa nyumbani hakuwa na nauli, na ushirika wenyewe ulikuwa umeshavunjika kimyakimya. Mimi nilijua kwa bahati, nikimtafuta mtu wa kufungua kanisa kwa ajili ya harusi.

Sasa niseme lililonivunja. Usiku ule nilifungua taarifa ya M-Pesa ya kanisa nikaangalia miezi yote ile. Jina lake liko. Kila mwezi. Fungu la kumi, shilingi mia mbili, mia na hamsini, mwezi mmoja shilingi themanini. Hakuruka hata mmoja. Mimi ndiye ninayejumlisha hizo taarifa. Jina lake nililiona miezi kumi na nane, na kila nilipoliona niliweka tiki, kwamba huyu yuko sawa.

Maji yalikuwa yanapanda.

Nilipoenda wodini nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimepanga maneno. Hakunipa nafasi. Aliniuliza, "Pasta, nani anafagia?" Nikasema ni vijana, kwa zamu. Akauliza kama wanafagia mpaka nyuma ya madhabahu ama wanaishia mbele. Nikashindwa kujibu, kwa sababu sijui. Ndipo nikamwambia kwamba ni mimi niliyeleta lile pendekezo. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Nilijua. Niliona uko na furaha sana siku hiyo." Hakusema zaidi. Amenisamehe, ameniambia hivyo baadaye, lakini lile neno bado linanifuata mpaka leo.

Mkisoma Matendo 6 mtaona kanisa la kwanza lilipata ugonjwa huu huu, tena likiwa kwenye mwaka wake mzuri. Wanafunzi wanaongezeka, na papo hapo wajane wa wale wenye kusema Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Angalieni mitume walichofanya. Hawakuwaambia wajane waombe zaidi au wavumilie. Hawakusema ni kwa muda. Waliwataka watu wachague watu saba wenye Roho na hekima, na ukiyasoma majina ya hao saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Inaonekana kazi walipewa watu wa upande ule ule uliokuwa unaumia. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Sisi tunasoma mstari wa 7 kwenye makongamano na kuruka wa 1.

Sasa kuna jambo moja ambalo guga hakulijua, au labda alilijua na hakuwa na nguvu. Mti uliobanduliwa gome pande zote unaweza kuokolewa, kama hujachelewa. Wakulima wa matunda wanafanya hivi: wanakata vijiti vyembamba vya mti huo huo au wa aina yake, wanachonga ncha zote mbili, wanachomeka ncha moja chini ya gome lililo chini ya kidonda na nyingine chini ya gome lililo juu. Kijiti kinakuwa daraja. Vijiti vinapangwa kuzunguka shina, kadhaa, na kila kimoja lazima ule upande wake wa juu uelekee juu, ukikigeuza hakifai kitu. Vikishika, chakula kinaanza kushuka tena kupitia hivyo vijiti. Miaka ikipita vinanenepa. Lakini lazima ifanyike mizizi ikiwa bado na akiba. Ikishaisha, hata ufunge vijiti mia, unavalisha maiti.

Sijui mizizi yetu imebakisha kiasi gani. Najua ushirika wa nyumbani tulikuwa nao tisa na leo wanaokutana ni wanne. Najua maombi ya alfajiri yamebaki na watu unaoweza kuwahesabu kwa vidole, na ibada ya pili bado imejaa. Mtu wa hesabu akiziona hizo namba mbili pamoja anapaswa kuogopa.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili ni mkutano wa washirika. Kwenye ajenda kuna skrini mbili kubwa za ukutani. Mimi nitapendekeza zisubiri, na ule mfuko urudishwe kwanza, pamoja na nauli za viongozi wa nyumbani, na usiguswe na kamati ya fedha bila washirika wote kupiga kura. Naijua kamati hiyo, nimo ndani yake. Mzee mmoja ameshaniambia kwa upendo kwamba skrini zinaleta vijana, na kwamba nisiendeshe kanisa kwa hatia yangu. Ana hoja, na sitaki mpige kura kwa kunihurumia. Njooni na maswali. Taarifa za hesabu za miaka hiyo miwili nimezichapisha, ziko mezani kwenye mlango wa mapokezi tangu leo, na majina ya watoaji yamefunikwa.

Karibu nazo kuna karatasi nyingine yenye nyumba kumi na nne. Ni wale waliokuwa kwenye mfuko wetu tulipousimamisha. Wawili wamehama, mmoja tulimzika mwaka jana na nyumba yake bado nimeiweka, watoto wapo. Tunatafuta watu wawili wawili kwa kila nyumba, kwenda mara moja kwa wiki, na ukienda usiende na kamera. Kama huna nauli andika hivyo, pembeni nimeacha nafasi.

Nyumba ya tatu, ile ya Shinyalu, nimeshaiandikia jina langu. Natafuta mwenzangu, awe anaamka mapema. Mama anasema akitembelewa baada ya saa tatu asubuhi tutamkuta shambani, mguu au hakuna mguu.